Kila mwenye uchungu ananipigia mimi

SWALI

Washauri, salaam aleikum.

Mimi ni msichana wa miaka 24, mratibu wa kikundi cha vijana wa mazingira huku Mikindani, Mombasa. Tuko 23. Wadogo wana miaka 16 na 17, wakubwa hawazidi 26. Tunapanda mikoko kando ya hori ya Tudor, tunazoa taka ufuoni, na tunazuru shule kuzungumza juu ya mabadiliko ya tabianchi. Hatulipwi.

Mwaka jana tulipanda miche 600 ya mkoko. Baada ya miezi minane tulikwenda kuhesabu, iliyobaki haikufika 90. Msichana mmoja aliketi matopeni akalia mpaka maji yakaanza kujaa. Tangu siku hiyo wanne hawaji tena. Grupu yetu ya WhatsApp nayo imekuwa balaa. Saa saba usiku mtu atatupia video ya mafuriko, mwengine ng'ombe waliokufa kwa ukame, kisha yaanza: "tumekwisha", "wakubwa hawajali", "kuzaa watoto wa nini". Wakishamaliza huko wananipigia mimi, mmoja mmoja. Nalala saa nane. Juzi nilimfokea mamangu bila sababu, naye hajazoea kufokewa. Yeye mwenyewe huniuliza, "Hiyo mikoko yenu italeta unga?"

Nataka tuanzishe mpango wa kusaidiana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna mwanasaikolojia kati yetu, na pesa hatuna. Tuanzeje? Tutajuaje huyu ana huzuni tu na huyu ni mgonjwa? Na kuna kijana wa miaka 19 aliyeandika wiki hii "mkinikosa msinitafute", kisha akaifuta. Nilipomuuliza akacheka, akasema utani. Nimwache?

La mwisho, nimechoka. Nataka kujiuzulu, lakini naona nikitoka kikundi kitavunjika.

Mratibu aliyelemewa, Mikindani

JIBU

Waleikum salaam, mwanetu.

Tuanze na huyo wa miaka 19. Mengine yote yanaweza kungoja wiki mbili, hilo halingoji kesho. Usimwache. Mtafute leo, ana kwa ana ikiwezekana, pahali penye faragha, na mtu mzima mnayemwamini awe karibu. Muulize wazi: "Ulipoandika vile, ulikuwa unafikiria kujiua?" Litamke neno lenyewe. Watu huogopa kwamba kuuliza kutamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Hakumtii. Aliyekuwa nalo hupata nafasi ya kulitoa kifuani, na asiyekuwa nalo atakwambia hana. Ila usiulize kwa namna ya kumfunga mdomo, "Huna mawazo ya kijinga, sivyo?", maana atakujibu hapana ili muachane.

Akisema ndiyo, muulize kama amepanga vipi, lini, na kama anacho cha kutumia. Mwenye mpango haachwi peke yake. Kaeni naye wawili, ondoeni dawa na chochote cha kumdhuru kilicho karibu, mpigieni mtu wa kwao ambaye amemchagua mwenyewe, na mpelekeni hospitali. Coast General, ile watu waiitayo Makadara, na hospitali ya Port Reitz zina huduma za afya ya akili. Mkikwama usiku, pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haina malipo. Kwa aliye chini ya miaka 18 kuna pia 116. Na usimwahidi siri. Mwambie, "Mengine yote yatabaki kwangu, ila la uhai wako sitalibeba peke yangu."

Huenda nyumbani kwao wakaogopa polisi. Hofu hiyo ina asili yake: kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na familia zikajifunza kuficha. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Wakumbushe hilo kabla hawajaanza kubuni hadithi ya kumwambia daktari.

Akisema hapana, mpe namba hizo hata hivyo, na umuulize tena baada ya siku mbili. Utani wa aina ile hauulizwi mara moja.

Sasa mpango wenu. Vijana wenu kuwa na uchungu si ajabu. Utafiti uliochapishwa 2021 katika jarida la Lancet Planetary Health uliwauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi kumi, na asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno juu ya tabianchi. Kutoka Afrika ilikuwamo Nigeria peke yake, sisi hatukuulizwa. Kinachowaharibia ni kwamba uchungu wote una mlango mmoja, nao ni simu yako. Basi usitafute mtu mwenye moyo mkubwa kuliko wako akushike mkono. Gawa zamu.

Chagueni wasikilizaji wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, wote waliopita miaka 20. Msiwachague wasemaji wazuri. Tazameni nani watu humwendea tayari mkiwa mnangoja matatu, na nani habari haitoki kwake. Mwenyekiti na mweka hazina wasiwemo, wala wewe: hakuna atakayemweleza udhaifu wake mtu anayeamua nani atapelekwa kwenye kongamano. Wawili wawe zamu kwa wiki mbili, wawili wapumzike, kisha wabadilishane. Aliye zamu asipokee mazungumzo zaidi ya matatu kwa wiki, kila moja dakika 40, na simu ifungwe saa tatu usiku. Baada ya hapo ni 1199. Wenzenu watasema huo ni ukatili. Hebu fikiri: anayesikiliza saa nane za usiku kwa kweli hasikilizi, anapambana na usingizi, na kesho yake atamjibu mwenzake vibaya kama ulivyomjibu mamako. Mwekeeni aliye zamu salio la simu kutoka mchango wa kikundi. Shilingi 500 kwa zamu zinatosha, na pasipo hizo atakuwa "hapatikani" siku ya tatu.

Juu ya hao wanne lazima awepo mlezi wa nje mwenye taaluma: muuguzi wa afya ya akili, mshauri nasaha wa shule, afisa wa ustawi wa jamii. Kazi yake si kuwaona vijana 23. Anakutana na wasikilizaji wanne mara moja kwa mwezi kwa saa moja na nusu, wanamtolea yaliyowaelemea bila kutaja majina, naye anawaambia lipi si la kwao. Saa moja na nusu kwa mwezi mtu mwenye kazi zake anaweza kuitoa bila malipo, mkimwomba kwa barua inayosema hivyo hivyo na si "msaada wa kisaikolojia kwa vijana wetu". Msipompata mlezi, msianze mazungumzo ya mmoja mmoja. Anzeni na duara tu, yaani kikao cha kuketi pamoja na kusema kwa zamu, tutalifikia.

Kabla ya zamu ya kwanza wote wanne wapate mafunzo ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia. Ulizeni tawi la Msalaba Mwekundu la Mombasa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2011 umejengwa juu ya vitendo vitatu, tazama, sikiliza, unganisha, na ulitungwa ili hata asiye daktari aweze kuutumia.

La kwanza msikilizaji aulize ni hili: "Wataka nikusikilize tu, au tufikirie pamoja la kufanya?" Ugomvi mwingi kati ya marafiki hutokana na kukosea hapo. Chukua msichana wako wa matopeni. Anasema, "Yote imekufa, sioni maana." Ukimjibu "usijali, tutapanda mingine", umemwambia machozi yake ni ya upuuzi. Ukimjibu "hata mimi siku ile nililia", mazungumzo yamehamia kwako. Mwambie tu, "Iliuma. Lipi hasa ndilo lililokuuma?" Kisha nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, hata kama kimya kinakuwasha. Huenda akakwambia kwamba miche si neno, ila alimwahidi babu yake mvuvi kwamba samaki watarudi, na sasa anamkwepa. Hapo ndipo penye shida, na shida hiyo ina la kufanywa.

Halafu kuna "mshukuru Mungu, wako walio na shida kuliko wewe". Dini ni nguzo ya wengi wenu, na kijana anayetulizwa na sala asinyang'anywe. Lakini neno hilo likitoka katika dakika ya pili huwa ni njia ya msikilizaji kujitoa yeye mwenyewe kwenye jambo zito. Aliseme mwenye uchungu, akitaka.

Akichagua kufikiria pamoja, tumieni njia inayojulikana kufaa mikononi mwa wasio wataalamu. Daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe alianzisha mwaka 2006 jijini Harare mpango wa mabibi waliofunzwa kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati, na jaribio lililochapishwa 2016 lilionyesha kwamba waliopitia benchi hilo walipungukiwa dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kuliko waliopata huduma ya kawaida. Ufundi wao mkubwa ni mwepesi kueleza. Mtu ataje shida zote, ziandikwe kwenye karatasi, achague moja tu, ile inayoshikika, atafute njia tatu nne za kuikabili, achague moja, aseme ataifanya siku gani na saa ngapi. Mkutano unaofuata anaulizwa ilikwendaje. "Joto la dunia" halishikiki. "Sijamwona babu mwezi mzima" linashikika.

Duara nalo ni la kila wiki mbili, dakika 75, watu sita hadi wanane, waongozaji wawili. Wote 23 wakija, gawanyeni makundi matatu. Wakati mzuri kwenu ni Jumapili saa kumi na robo, walio Waislamu wakiwa wameshasali alasiri, na mkamaliza mapema kabla ya magharibi ili wasichana wasipate taabu ya kurudi. Ramadhani ipunguzeni iwe dakika 45. Pahali pawe na mlango. Maskani ni pazuri kwa kahawa na kashata, lakini kila apitaye atasimama kusalimu, na mtu hawezi kusema la moyoni huku anaitikia salamu.

Kila mmoja anapata dakika tatu, zikipimwa kwa saa ya simu, pasipo kukatizwa. Anayetaka kupita asema "napita", wala haulizwi sababu. Baada ya mzunguko, mwongozaji anauliza kama kuna mwenye kutaka jambo lake lifikiriwe na wote, moja tu, dakika 20. Dakika kumi za mwisho ni za kushuka: kila mtu ataje anakokwenda kutoka hapo na atakula nini usiku. Vijana huwa wanacheka kwenye hilo, na waache wacheke. Mtu asitoke akiwa bado yuko ndani ya yale aliyoyasema.

Duara huharibika kwa njia zinazojulikana. Mmoja anakula dakika ishirini kwa sababu mwongozaji aliona haya kuinua mkono. Watu wanaanza kushindana, wewe umepoteza miche, mimi kwetu Kinango tulipoteza mifugo. Wawili wanapendana, wakikosana duara linagawanyika. Anajitokeza mfadhili anayetaka picha na "simulizi za vijana". Huyo mfadhili mkatalieni moja kwa moja, hata kama ndiye anayelipia glovu za kuzolea taka. Katika daftari la wasikilizaji andikeni tarehe, aina ya shida kwa neno moja, na kama mtu alielekezwa kwingine. Majina hayaandikwi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na daftari lililosahauliwa kwenye tuktuk halina sheria inayoweza kulirudisha.

Wa miaka 16 na 17 waingie duarani kwa ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, na mazungumzo yao ya faragha yawe mahali ambapo mtu mwingine anawaona hata kama hasikii.

WhatsApp tengenezeni leo. Grupu ya kazi, wasimamizi peke yao ndio waandike. Grupu ya maongezi, ifungwe saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Msimamizi anaweza kuzuia ujumbe wakati huo kwenye mipangilio. Video ya maafa haitumwi bila mstari wa kwanza unaosema ni nini, ni wapi, na nani anaweza kufanya nini. Isiyo na jibu la swali la tatu isitumwe. Na kila mmoja azime upakuaji wa picha na video wa moja kwa moja kwenye simu yake, ataokoa bando pia.

Siku ya tukio zito, mkitoka kusaidia waliofurikiwa au mkitimuliwa kwa moshi wa kutoza machozi, msitawanyike papo hapo. Dakika ishirini: hesabuni watu, maji, chakula, kisha nani anarudi na nani, na nani anahitaji nini usiku huu. Msimlazimishe mtu kusimulia alichokiona. Zamani ilidhaniwa kusimulia papo hapo huzuia madhara. Shirika la Afya Duniani halishauri hivyo. Atakayetaka kusema atasema, kesho au wiki ijayo.

Tumekaa sana kwenye mazungumzo, na hapa inabidi tukuambie jambo ambalo huenda hukulitarajia. Uchungu wa ile miche 600 hauponi kwa duara peke yake. Mlipanda wapi? Mikoko ni miti ya aina nyingi, na kila aina ina mpaka wake. Mlilana ndio unaokaa mbele kabisa kukabili bahari, mkoko wenyewe, mliopanda ninyi, unafuata nyuma yake, kisha muia na mkandaa, na mchu hupatikana zaidi upande wa nchi kavu. Vikundi vingi hupanda mkoko kwenye tope tupu la mbele kwa sababu miche yake ni mirefu, ni rahisi kuokota na kuchomeka, na hapo mbele hakuna wa kuwafukuza. Mahali hapo maji hukaa muda mrefu mno, mawimbi yanang'oa, na plastiki inayoletwa na maji kujaa inajisokota kwenye mashina. Miche 600 ikifa hapo, haina maana kwamba dunia imekwisha. Ilipandwa pasipo pake.

Rudini na huyo msichana, mkiwa na mtu wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi iliyoko Mkomani au wa Huduma ya Misitu. Hiyo michache iliyobaki, angalieni imesimama sehemu gani. Pandeni 60 badala ya 600, wekeni alama 30, zihesabuni baada ya mwezi mmoja, mitatu, sita na kumi na miwili, na kwenye ripoti zenu andikeni iliyo hai. Idadi ya iliyopandwa ndiyo inayowapa wafadhili raha, nanyi mnalipa kwa machozi. Bado mingine itakufa bila kosa lenu: mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache hadi mikoko mikubwa ikafa. Nauli ikipatikana, wapelekeni Gazi, Kwale. Majaribio ya kupanda pale yalianza miaka ya tisini, na mradi wa Mikoko Pamoja ukaanza 2013, wanakijiji wakawa wanalipwa kwa hewa ya kaboni inayofyonzwa na mikoko yao na pesa zikaingia kwenye maji na shule. Mamako akiuliza tena habari za unga, mwambie habari za Gazi, ukimwambia pia imechukua miaka mingapi.

Uliuliza huzuni na ugonjwa vinatenganaje. Hasira kwamba Kenya inatoa sehemu ndogo mno ya gesi zinazopasha dunia joto, na bado ukame na mafuriko yanatufika, ni hasira ya haki, haina dawa wala haihitaji. Anayelia leo na kesho akacheka na wenzake, akala, akalala, ana huzuni. Aliyechoka, akipumzishwa wiki mbili anarudi. Lakini mtu ambaye kwa wiki mbili, siku nyingi kuliko siku chache, hana raha na chochote au amezama katika simanzi, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, na masomo au kazi vimemshinda, huyo aelekezwe hospitali, hata kama kila anapofungua mdomo anazungumzia tabianchi. Vivyo hivyo anayesikia sauti, asiyelala kabisa siku kadhaa huku ana nguvu za ajabu, au aliyeanza kujituliza kwa muguka na vidonge. Vijana wa harakati wana desturi ya kuiita kila shida "uchungu wa mazingira", kwa kuwa jina hilo halina aibu. Msikilizaji asikubali jina, aulize usingizi.

Na wewe. Usijiuzulu wiki hii, uamuzi wa mtu asiyelala huwa mbovu. Chukua likizo ya wiki nne yenye tarehe ya mwisho. Kabla ya kuanza, mkabidhi mtu mmoja usimamizi wa grupu, mwingine ratiba ya shule, mwingine daftari la pesa, na utume ujumbe mmoja: kuanzia Jumatatu, mwenye la moyoni apige namba ya aliye zamu. Wakikupigia wewe, usipokee. Watumie namba hiyo. Wiki ya kwanza watakasirika. Ukirudi, saa zako za kikundi zisizidi sita kwa wiki, na iandikwe. Kama kikundi kitavunjika kwa sababu mtu mmoja amelala wiki nne, ni bora mjue sasa kuliko mkiwa na mradi wa watu mkononi. Na mamako, kabla ya hayo yote, muombe radhi.